Hanal Pixán: marehemu anapoalikwa chakula

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sikukuu ya wafu ya Wameksiko, na tangazo la mhadhara huu limepambwa kwa fuvu lililovaa kofia ya maua. Bibi huyo namfahamu. Tuanze naye ili tumalizane naye.

Alichorwa na José Guadalupe Posada, mchora picha za magazetini aliyefariki mwaka 1913. Alikuwa akiwasuta wanawake waliojitia Uzungu na kuionea haya asili yao ya wenyeji. Mwaka 1947 Diego Rivera akamtia kwenye mchoro wake wa ukutani, akampa mwili mzima na gauni, na jina la Catrina likamganda. Na yale maandamano ya mafuvu ya Mexico City mnayotumiana kwenye simu? Yalianza 2016, mwaka mmoja baada ya filamu ya James Bond kuyaonyesha. Filamu ilitangulia, mila ikafuata! Sisemi ni vibaya. Ila mimi leo nataka kuwapeleka jikoni, maana kwa macho yangu sikukuu hii ni ya mgeni na sahani yake, mafuvu yamedandia tu.

Twende rasi ya Yucatán, kwa Wamaya, wenyeji wa asili wa huko. Wao wanaiita Hanal Pixán, na hiyo x mtaitamka "sh". Hanal ni chakula, pixán ni roho. Tarehe 31 Oktoba ni zamu ya watoto waliofariki, tarehe 1 Novemba ya watu wazima, na tarehe 2 ni ya roho zote. Tarehe hizo zimetoka kwa Kanisa Katoliki. Chakula kimetoka kwao.

Mgeni anakuja, kwa hiyo nyumba inafagiliwa na nguo zinafuliwa mapema. Mbwa wanafungwa ili wasimzuie njiani. Watoto walio hai wanafungwa uzi mwekundu au mweusi kwenye kifundo cha mkono, roho zisije zikaondoka nao. Hapo ndipo unapoona kwamba mgeni huyu anapendwa na anaogopwa kidogo pia. Meza ya watoto ina kitambaa cha rangi, peremende na vitu vya kuchezea. Ya watu wazima ina kitambaa cheupe, na kama mzee alipenda bia na sigara, basi bia na sigara zipo. Hakuna anayemhubiria marehemu.

Sasa pib. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Pib ni tanuri la shimoni. Shimo linachimbwa uani, kuni zinapangwa, mawe juu yake, moto unawashwa mpaka mawe yaive. Ndani, akina mama wana mahindi yaliyochemshwa na chokaa kisha yakasagwa. Donge hilo linakandwa na mafuta ya nguruwe na achiote, mbegu inayotia rangi nyekundu. Linatandazwa juu ya majani ya mgomba, linajazwa kuku na nguruwe na mchuzi mzito, linafunikwa kwa donge jingine, na majani yanafungwa kama furushi. Furushi linashushwa juu ya mawe ya moto, linafunikwa kwa majani na bati, kisha udongo. Yaani linazikwa. Chakula chenyewe nacho huitwa pib, na jina lake lingine, mucbipollo, limebeba neno la Kimaya la kuzika pamoja na neno la Kihispania la kuku. Wapo Wamaya watakaokwambia waziwazi kwamba furushi lile ndiyo maiti yenyewe: limevishwa, limelazwa, limefukiwa, kisha linafukuliwa likiwa limeiva.

Na ndani ya donge lile kuna maharage madogo meusi wanayoyaita xpelón. Mjue ni nini? Kunde. Kunde hizi hizi zetu, zenye asili ya Afrika, zilizovuka bahari baada ya Wahispania kufika. Mahindi ya ugali wetu yalitoka kwao, kunde za wafu wao zilitoka bara letu. Hakuna aliyepanga mabadilishano hayo kwa wema, lakini sahani ndiyo hiyo.

Mtaniuliza, nani anakila? Kwanza marehemu, naye hula harufu na mvuke. Baadaye wenye nyumba wanakaa, majirani wanapelekewa vipande, na husemwa kuwa chakula kimepungua ladha kwa sababu mwenyewe ameshachukua kilicho chake.

Kijiji cha Pomuch, jimboni Campeche, wanaenda mbali zaidi. Marehemu akimaliza kama miaka mitatu kaburini, mifupa inafukuliwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha mbao. Kila mwaka, siku za mwisho za Oktoba, jamaa wanakuja na brashi na vitambaa, wanaipangusa mfupa mmoja mmoja, na kuipanga upya huku fuvu likikaa juu. Kisha wanabadilisha kitambaa, ambacho kimetariziwa maua na mara nyingi jina lake. Cha zamani kinaondolewa kama nguo iliyochakaa. Najua baadhi yenu mmekunja uso. Lakini mwangalieni mama anayefuta vumbi kwenye mfupa wa mkono wa mumewe huku akimsimulia habari za wajukuu: anamvisha nguo ya sikukuu.

Guatemala nitapita haraka, ingawa inastahili siku yake. Huko Sumpango na Santiago Sacatepéquez, Wamaya wa Kaqchikel wanapeleka makaburini tiara za karatasi nyembamba na mianzi, nyingine zina upana wa zaidi ya mita 10. Hizo kubwa hazirushwi, zinasimamishwa tu zitazamwe. Ndogo ndizo zinazopaa, na uzi wake ndio njia ya habari kati ya walio chini na walio juu. Vita vya nchi ile, vya 1960 hadi 1996, viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya, na wengi hawana kaburi la kufagia. Ndiyo maana baadhi ya tiara zimeandikwa madai ya haki na amani. Asiye na kaburi anaandikiwa angani.

Turudi Yucatán tuwaage wageni. Siku nane baadaye chakula kinapikwa tena, desturi inayoitwa bix, na mwisho wa Novemba mishumaa inawashwa kwenye kuta za mawe mbele ya nyumba, ili roho zione njia ya kurudi. Na katika siku zote hizo mezani kulikuwa na sehemu moja ambayo haikuwa na picha wala jina. Ile ni ya ánima sola, roho iliyokuja kijijini ikakuta hakuna hata mtu mmoja anayeikumbuka.

Ahsanteni. Maswali sasa.