Tumepanga, Hatujanunua

(Mhadhara kwa wakutubi, wahadhiri na wahasibu wa vyuo, Moshi)

Mwenyekiti, ahsante. Nimepewa dakika ishirini, na walionisikia mwaka jana wanazijua dakika zangu. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, leo nalirudia lile lile.

Tangu asubuhi wamesimama hapa wasemaji watatu, na wote wamesema "tumenunua majarida ya kielektroniki." Hatujanunua, jamani. Tumepanga. Aliyenunua nyumba hatolewi nje mwezi wa kwanza kwa sababu mhasibu wake yuko likizo. Mpangaji hutolewa.

Kisa changu wengine mnakijua, vumilieni. Kilinikuta kwenye maktaba niliyoisimamia zamani, chuo sikitaji. Tulikuwa tunalipia kifurushi cha majarida ya tiba kwa mchapishaji mmoja wa Ulaya, peke yetu, bila kushirikiana na mtu. Mkataba ulikuwa unaisha tarehe 31 Desemba. Mwezi wa tisa nikaandika dokezo la malipo. Likaenda kwa afisa ugavi, likarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Wasilisha proforma tatu ili bei zilinganishwe."

Proforma tatu! Hizi si karatasi za A4, kwamba ukivuka barabara utakuta duka jingine. Nikamfuata ofisini. Nikamwambia, mzee wangu, bidhaa hii dunia nzima ina muuzaji mmoja. Akanitazama juu ya miwani, akauliza: "Kwa hiyo hakuna mwingine anayeuza makala za malaria?"

Msimcheke. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Wauzaji wa makala za malaria wapo wengi, ila makala ile anayo mmoja. Daktari anayeitafuta ile hatulizwi na ya jirani. Mchapishaji analijua hilo vizuri, na ndiyo maana hana haraka anapojibu barua zetu.

Basi tukabishana hadi Novemba. Sheria inaruhusu kununua kwa muuzaji mmoja, lakini inataka barua; barua ikasubiri kikao, kikao kikakosa akidi. Tarehe 2 Januari, saa mbili asubuhi, binti mmoja wa uzamili akaja mezani kwangu na kompyuta yake mkononi, imefunguka hivi. Anatafuta makala ya 2011. Sisemi toleo jipya. Ni la 2011, mwaka tulioulipia hadi senti ya mwisho. Kioo kinamdai dola zaidi ya 30. Nikadhani mtambo umekosea, nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu nyingi, wakaninukulia kifungu: malipo yakikoma, ruhusa ya kusoma inakoma, kwa matoleo ya miaka yote. Chini ya ukurasa ule ipo saini, na saini ni yangu. Mimi nilisoma ukurasa wa bei tu.

Nikampeleka yule binti chumba cha nyuma, kwenye rafu za karatasi. Nikavuta juzuu la 1984. Mchwa wamekula kona ya jalada, gundi imekuwa unga, inakudondokea kwenye viatu. Likafunguka, kurasa zote zimo. Tuliacha kulilipia kabla binti yule hajazaliwa, na hakuna aliyepanda ndege kuja kulichukua. Makala aliyoitaka haikuwemo, bila shaka. Nilitaka tu aone. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akaonyeshwa picha ya kisima.

Sasa najua mtasema: ndiyo maana tukajiunga na COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, tukiwa wengi bei inashuka. Inashuka, sikatai. Ila punguzo ndilo jambo dogo kuliko yote, na sisi ndilo tunalolisherehekea.

Hapa Moshi naona haya kumweleza mtu ushirika. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu walishaanzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika. Mwenye kihamba kimoja, yaani kishamba cha nyumbani, akibaki peke yake, mlanguzi anamjia jioni, anampa bei, halafu anamnong'oneza: jirani yako usimwambie. Haya, nendeni mkaisome mikataba yenu. Mingi ina kifungu hicho hicho cha kutotaja bei! Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani ilitangaza mwaka 2011 kwamba haitasaini tena mikataba ya namna hiyo. Sisi tunasaini, kisha tunakutana kwenye semina kama hii na kila mmoja anadhani ndiye aliyepata bei nzuri.

Kuna ndugu yangu mmoja kila mwaka hunisahihisha: wale walikuwa wanauza, sisi tunanunua. Kweli kabisa. Lakini wewe mdogo ukikaa mezani na mkubwa, tena peke yako, uwe umeleta gunia au umeleta pochi, yeye ndiye anayeandika masharti.

Na masharti ndiyo yanayokupa jeuri ya kukataa. Chuo Kikuu cha California kina kampasi 10, nazo huzungumza na mchapishaji kwa mdomo mmoja. Februari 2019 waliachana na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, na hawakurudiana hadi Machi 2021. Miaka miwili! Mnadhani waliwezaje? Makala nyingi za 2018 kurudi nyuma waliendelea kuzisoma, kwa sababu mikataba yao ya awali iliwapa haki ya kudumu. Walikosa mapya tu. Mimi nilikosa vyote kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo watu wetu wa COTUL wanapokaa na wachapishaji, au EIFL, shirika la kimataifa la kusaidia maktaba, wanapojadiliana kwa niaba ya nchi kama zetu, msiwaulize kwanza "asilimia ngapi." Ulizeni: nikishindwa kulipa, miaka niliyolipia inabaki? Naruhusiwa kumtumia makala mkutubi mwenzangu wa Arusha aliyeomba? Mgeni aliyeingia tu maktabani anaruhusiwa kusoma? Daktari niliyemfundisha mwenyewe, leo yuko kituo cha afya Rombo, ananiandikia anaomba makala. Mkataba unasema si mwanafunzi wangu tena.

Kuna anayenung'unika kule nyuma, Research4Life si ipo, ule mpango wa wachapishaji kuzifungulia nchi maskini majarida, tunapata bure. Tunapata, na nashukuru, naitumia kila siku. Lakini cha bure kina mwenyewe. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondolea Bangladesh majarida yapatayo 2,500 kwenye HINARI, sehemu ya mpango huo inayohusu afya. Watu wakapiga kelele, yakarudishwa. Yamerudishwa kwa kelele, hakuna kifungu walichoweza kukionyesha.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi, dakika mbili. Nilitaka kusema juu ya majarida yetu wenyewe yaliyoko AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na juu ya wahadhiri wanaotoa makala bure kisha wanakuja kwangu kuniomba nizinunue, lakini hilo lina mhadhara wake. La ada ya COTUL nalisema kwa mkato: baadhi ya vyuo vilivyokaa humu havijalipa na vinaendelea kusoma. Sitaji. Mnajitazama wenyewe.

Mkataba wangu ule wa zamani nimekuja nao, uko kwenye mkoba huu. Anayetaka kukiona kile kifungu anifuate wakati wa chai, nimekipigia mstari. Wino mwekundu.