Karatasi ya Posho Ibandikwe Ukutani

*Mhadhara uliotolewa Kaloleni, Arusha, mbele ya wakazi na wanachuo*

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, habari za jioni.

Tumekutana Kaloleni, na kutoka hapa hadi makumbusho ya Azimio la Arusha ni mwendo mfupi kwa miguu. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mji huu mwishoni mwa Januari 1967, na katika masharti ya uongozi iliyoyapitisha lilikuwamo hili: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi. Masharti yale yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na sikuja kuyalilia. Nimeanza nayo kwa sababu swali lake bado liko hai kwenye meza ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona, meza ya bodi ya taasisi ya umma.

Nilikaa kwenye meza hiyo miaka 6. Taasisi sitaitaja. Mara nyingi mwenyekiti huteuliwa na Rais, wajumbe huteuliwa na waziri. Barua inakuja, unashukuru, unaanza kupokea makabrasha. Malipo yako namna nne: ada ya mwaka, ambayo hukatwa kodi asilimia 15 kabla hujaishika, posho ya kikao, posho ya kujikimu kwa kila usiku unaolala nje ya mji wako, na nauli au mafuta ya gari. Ada sina neno nayo. Mtu anayekesha na kabrasha la kurasa 140, kisha akabeba dhamana ya maamuzi ya mabilioni, alipwe. Wapo wanaosema kazi ya bodi iwe ya kujitolea. Tukifanya hivyo tutabaki na wajumbe wenye fedha zao tu.

Shida iko kwenye posho ya kikao. Tunaanza saa nne asubuhi. Tunahakikisha akidi, tunathibitisha muhtasari, tunaingia kwenye yatokanayo. Ikifika saa saba tuko kwenye ajenda nzito kuliko zote, na hapo mhasibu anaingia kimyakimya na karatasi ya kusaini na bahasha za kaki. Karatasi inazunguka huku mkurugenzi anaeleza hesabu. Mjumbe anasaini, anahesabu noti chini ya meza, anampasia jirani. Nimeona kwa macho yangu taarifa ya mkaguzi wa ndani ikipita bila swali hata moja, karatasi ile ikiwa bado haijamaliza mzunguko. Kisha mmoja anapendekeza ajenda zilizobaki ziwekewe kikao maalumu, na hakuna anayepinga, maana kikao maalumu nacho kina posho yake. Mwaka mmoja ratiba yetu ilikuwa na vikao 4, kimoja kila robo mwaka. Nilipovihesabu kwenye shajara yangu mwezi Juni, tulikuwa tumekaa mara 11, kamati sijazigusa. Kuna siku kamati ilikaa asubuhi na bodi ikakaa mchana: watu walewale, viti vilevile, posho mbili. Nami nilisaini, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya hesabu za mashirika ya umma, aliandika barua kukataa posho ya kikao bungeni, kwa hoja kwamba kikao ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara, na nchi ikabishana. Hoja ileile inamgusa mtumishi wa serikali anayeingia kwenye bodi. Siku ya kikao mshahara wake unaendelea, gari ni la ofisi, mafuta ni ya ofisi, na bado anasaini posho pamoja na mafuta.

Lakini msinielewe vibaya, kwa sababu kuna upande wa pili ambao hausemwi. Tulikuwa na mjumbe mmoja, mama mkulima wa kahawa kutoka migombani, juu ya Moshi. Alitoka kwake alfajiri, akashuka mjini kwa Noah, gari dogo la abiria, akapanda basi, kilomita 80 hivi hadi Arusha. Mhasibu akamtaka risiti za nauli. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa tiketi ya basi iliyokunjwa mara nne. Ya Noah hakuwa nayo. Wamempa wapi tiketi kwenye Noah? Hati yake ya madai ikarudishwa mara mbili, na fedha alizipata baada ya wiki 7. Aliyekuja na gari la ofisi alilipwa mafuta siku hiyohiyo. Alipoombwa aendelee kipindi cha pili mama alikataa. Aliniambia, "Baba, siku ya shamba naitoa, ila serikali siwezi kuikopesha nauli." Anayetaka kufuta posho zote kwa kalamu moja ajue kwamba wa kwanza kuondoka ni huyu.

Basi mimi nasema posho ya kikao iingizwe kwenye ada ya mwaka, na asiyehudhuria akatwe. Nauli ilipwe kabla ya safari, kwa kiwango cha umbali kinachojulikana, na aliyeletwa na gari la umma asipewe. Kisha karatasi ile ya kusaini ibandikwe ukutani, pale dirishani mnapohudumiwa: jina, vikao alivyohudhuria, kiasi alicholipwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anafanya kazi yake na ripoti inafika bungeni kila mwaka, lakini haiwezi kubeba jina la kila mjumbe wa kila bodi nchini. Ukuta wa ofisi unaweza.

Mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa kupokea maoni ya wananchi. Nendeni. Wakianza kusoma gharama za uendeshaji, nyoosheni mkono, muulize bodi ilikaa mara ngapi mwaka jana na kila mjumbe alichukua kiasi gani. Mkijibiwa kwa jumla, ulizeni tena kwa majina. Mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.