Bidhaa Ikishavuka Kizingiti
(Mhadhara kwa wanafunzi wa biashara na uhandisi, Tudor, Mombasa)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie majaribio ya bidhaa majumbani: kampuni inampa mtu sabuni, jiko au majani ya chai akatumie kwake wiki mbili tatu, kisha inarudi kumuuliza.

Nianze na linalotusumbua zaidi hapa Pwani. Umepiga hodi Kisauni, umekaribishwa, umepewa sharubati ya ukwaju, halafu unauliza, "Sabuni yetu umeionaje, mamangu?" Jibu mnalijua. "Nzuri, mashallah." Mgeni aliyekaa mkekani kwako humvunji moyo, tena sabuni yenyewe kakupa bure! (Kicheko.)

Kwa hiyo swali hilo mimi huliweka mwisho kabisa. Mwanzo ni mizani. Pima pakiti kabla hujaitoa, andika gramu zake, na siku ya kurudi pima kilichobaki. Mtu akiisifu sabuni hadi akamaliza maneno, na pakiti imepungua vijiko viwili tu, basi ameshakujibu. Ila pakiti tupu nayo isikufurahishe haraka. Katika nyumba zetu za Kiswahili, ukumbi mmoja na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake, sabuni ya bure ikiachwa uani hufua nguo za nyumba nzima. Uliza nani mwingine aliitumia, na uulize kama jirani, si kama askari.

Halafu kuna maji. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Visima vyetu vingi hutoa maji magumu, yaani yenye chokaa hiyo, na vingine vina chumvi pia. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo, povu halitoki. Unabaki na utando mweupe kwenye beseni. Maji ya mfereji kutoka Mzima au Baricho hayaji kila siku, basi watu huyaweka ya kunywa na kupikia, nguo zikafuliwa kwa ya kisima. Maabara iliyofulia maji ya mfereji imejaribu kitu ambacho mteja wa Majengo hakifanyi.

Sasa jiko, na hapa nitakaa kidogo. Majiko yanayookoa makaa hupimwa kwa njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuchemsha maji maabarani. Ya pili ni kumpa mpishi apike chakula kilekile kwa jiko jipya na la zamani. Ya tatu hufanyika kwa mtu mwenyewe: unapima makaa yake kila siku, siku zisizopungua tatu, na unahesabu waliokula. Jiko linaweza kung'ara katika ya kwanza na likaanguka katika ya tatu, na sababu huipati kwenye karatasi yoyote ya kiwandani.

Mfikirie mama anayepika wali wa nazi. Maji yakishakauka hufunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke vizuri, punje moja moja. Jiko jipya linabana moto na kula makaa kidogo. Ndiyo sifa yake. Lakini makaa hayo machache, ya kupalia yatatoka wapi? Basi anawasha na seredani yake ya zamani pembeni. Majiko mawili yanawaka kwa chungu kimoja. Ukimuuliza kama jiko jipya analitumia, atakwambia ndiyo, kila siku, na wala hasemi uongo. Asiyefika mekoni saa sita mchana hataiona seredani ile. Siku hizi kuna vidude vya kurekodi joto, ukubwa wa sarafu, unavibandika kwenye jiko vikakuandikia saa lilipowashwa. Ni vizuri, mradi mwenye jiko ameelezwa na kukubali, na mradi seredani nayo imebandikwa chake.

Mambo ya utaratibu nitayapita mbio. Ficha chapa. Ukilinganisha bidhaa mbili, zipe namba za tarakimu tatu zisizo na maana, kwa sababu ukiita moja "A" watu wataona ndiyo bora. Nusu ya nyumba zianze na hii, nusu na ile. Epuka Ramadhani, isipokuwa bidhaa yako ni ya futari. Na mpe mtu kipimo anachonunua: aliyezoea mafuta ya kupima dukani, ukimpa chupa ya lita, utaona matumizi ya mtu mwingine kabisa.

Kuna wanaosema kuonjesha watu wengi mahali pamoja kunatosha. Coca-Cola waliwaonjesha watu karibu 200,000 kabla ya kubadilisha ladha yao tarehe 23 Aprili 1985. Kufika tarehe 11 Julai walikuwa wametangaza kuirudisha ya zamani. Sababu zilikuwa nyingi, mapenzi ya watu kwa chapa ile yakiwemo, lakini funda moja la kitu kitamu si sawa na chupa nzima, kila siku, mezani kwako.

(Dada mmoja aliuliza: kwa nini tusitume fomu kwa simu, tuokoe nauli?)

Tuma, lakini si fomu. Mtu aliyetoka kufua hana hamu ya kujaza visanduku. Mwombe ujumbe wa sauti wa WhatsApp palepale uani, na picha ya pakiti ikiwa mizanini au kando ya rula. Picha za ndani ya nyumba ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo ridhaa kwanza. Bando lipieni nyinyi, tena kabla ya jaribio kuanza. Nauli ya kupima makaa itabidi muitoe tu.