Viboksi kumi na viwili kabla ya picha ya simu

Walimu wenzangu wa Mtwara, nanyi mliotoka Lindi alfajiri, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Programu ni nini sitaeleza, mnafundisha kila siku. Nina lile lile ninalolisema kila tukikutana: mwanafunzi anayejifunza kuandika programu za kubadilisha picha asiguse picha ya simu kabla hajapaka rangi viboksi kumi na viwili kwa mkono wake, kwenye daftari la hesabu.

Vinne kwenda kulia, vitatu kwenda chini. Kila kiboksi ni pikseli, yaani nukta moja ya picha; x inahesabu kutoka kushoto, y kutoka juu. Cha juu kushoto ni x 0, y 0. Cha mwisho, chini kulia, ni x 3, y 2. Si 4 na 3! Na y inakua kwenda chini, kinyume cha grafu za hesabu; mwambieni mapema, kabla picha haijamtokea miguu juu.

Sasa mwandikieni hii ya Python ubaoni. Hiyo paka(x, y), amri ya kupaka rangi kiboksi kimoja, muwe mmeshamtengenezea:

y = 0
x = 0
while y < 3:
    while x < 4:
        paka(x, y)
        x = x + 1
    y = y + 1

Ulizeni vitapakwa viboksi vingapi. Darasa litajibu 12. Jibu ni 4. Msiwaambie kwa nini. Washike penseli, wachore jedwali la x na y, wafuate hatua kwa hatua. Kila while ni lupu: hurudia mistari iliyo ndani yake maadamu sharti lake ni kweli. x inafika 4, lupu ya ndani inakoma, y inakuwa 1. Kompyuta inarudi kwenye lupu ya ndani na kuuliza: x ni ndogo kuliko 4? Bado ni 4. Inapita. y inakuwa 2, inapita tena. Mstari wa juu una rangi, miwili ni mieupe, na hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Hilo ndilo linalonikera: programu inamaliza salama, mtoto anabaki kuilaumu picha.

Dawa yake ni kuihamisha x = 0 iingie ndani ya lupu ya nje, juu kidogo ya ile ya ndani. Ni kama mtu anayepuliza salfa kwenye mikorosho: akimaliza mstari, lazima aende mti wa kwanza wa mstari unaofuata. Mtasema shambani mtu hugeukia pale pale mwisho wa mstari akarudi nao. Sawa, lakini lupu yetu haigeuki. Kila mstari inauanzia kushoto.

Najua kuna anayesema moyoni: "lupu ya for x in range(4) inaanza na sifuri yenyewe, mateso ya nini?" Kweli, na wiki ya pili mpeni hiyo. Ila aliyeanza nayo hajui kwamba kuna kitu kinachorudishwa mwanzo. Mwambie ahesabu kwenye picha pikseli za mabibo ya njano, kila mstari na idadi yake: ataiweka idadi = 0 nje ya lupu zote mbili, na mstari wa tatu utambebea jumla ya mitatu yote. Kosa ni lile lile, limevaa nguo nyingine.

Mwingine atasema shuleni hakuna intaneti ya kupakua maktaba za picha, yaani programu zilizokwisha andikwa za kushughulikia picha. Haihitajiki. Fungua Notepad, andika P3 (alama ya aina ya faili), mstari wa pili 4 3 (upana na urefu), wa tatu 255 (namba kubwa kuliko zote za rangi), kisha namba 36, tatu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani, bluu. Hifadhi kwa jina linaloishia .ppm, fungua kwa GIMP, programu ya picha, kuza sana. Hiyo ni picha kamili, na mtoto ameiandika yeye.

Kila namba ni 0 hadi 255. Bibo jekundu andika 255 0 0. La njano 255 255 0. Hapo watabisha, maana rangi za maji nyekundu na kijani zikichanganywa hutoa matope. Skrini inajumlisha mwanga, rangi ya maji inaufyonza. Dondosheni tone dogo la maji kwenye simu inayoonyesha ukurasa mweupe, wachungulie: wataona nyekundu, kijani na bluu, nyeupe hakuna.

Muda unanibana, kwa hiyo haya mengine harakaharaka. Kuifanya picha ya kijivu, kwa kila pikseli: zidisha nyekundu kwa 0.299, kijani 0.587, bluu 0.114, jumlisha, ondoa desimali, na jibu liweke kwenye zote tatu. Jicho huona kijani kuliko zote. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ni mizunguko ya lupu milioni 12, ipunguzeni iwe 200 kwa 150 kabla ya kipindi. Hifadhini kama faili ya PNG, kwani ya JPEG hubadilisha namba za rangi. Na kwenye kugeuza picha kushoto kulia, pikseli ya x ibadilishane na ya upana - 1 - x, lakini lupu ikomee upana // 2, yaani nusu ya upana bila desimali. Ikienda mpaka mwisho, kila jozi inabadilishwa mara mbili na picha inabaki ilivyokuwa.