Kung'oa Bila Kubandua: Kurekebisha Makosa ya Kulehemu

Mbukwenyi! Haya, wachache mmeitikia. Wengine ni wageni wa Dodoma, mtazoea. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, nimezipitia bodi zenu za saketi pale mezani kabla ya kusimama hapa. Sitawafundisha kulehemu. Hilo mmeshalifanya, na mmelifanya mlivyolifanya.

Bodi nyingi zilizokufa mikononi mwangu hazikuuawa na kosa la kwanza. Ziliuawa na mtu aliyekuwa na haraka ya kulisahihisha.

Igeuzeni bodi. Vile vidoti vinavyong'aa ni shaba nyembamba mno, kwa kawaida kama mikromita 35, na imeshikwa na gundi tu. Hizi bodi za kahawia za kujifunzia ndizo dhaifu zaidi. Pasi ya kulehemu ikikaa pale muda mrefu gundi inalegea, na wewe kwa hasira unavuta mguu wa kipuri. Kidoti kinabanduka na kuja nacho. Nilipokuwa kijana niliibandua redio ya baba mdogo hivyohivyo, vidoti vitatu kwa jioni moja, nikijaribu kuokoa transista ambayo dukani ilikuwa bei ya andazi. Hakunigombeza. Aliiweka tu juu ya kabati, kila siku nikawa naiona.

Kwa hiyo, kipuri kikikosewa, kife kipuri. Chukua koleo ndogo, kata miguu yake upande wa juu, kitupe. Sasa una mguu mmoja mmoja, kila mmoja unautoa peke yake: unaupasha moto, lehemu inayeyuka, unauchomoa kwa kibano bila nguvu. Ukiona unahitaji nguvu, ujue lehemu bado haijayeyuka. Aisii, kile kipuri cheusi chenye miguu minane, usijaribu kuing'oa nzima, hasa kwa pasi moja. Huna mikono minane.

Kuna jambo linawashangaza wanafunzi kila mara. Lehemu ya zamani ikigoma kuyeyuka, ongeza lehemu mpya. Ndiyo, unataka kuitoa, halafu unaiongeza! Iliyokaa imekauka, flaksi yake, ile dawa inayosaidia lehemu ishike, imeungua, haipokei joto vizuri. Ile mpya ina flaksi ndani yake, ule utomvu wa msonobari, na inagusana vizuri na ncha, kwa hiyo joto linapita mara moja. Ikishayeyuka yote, inyonye kwa bomba la kunyonyea. Huna bomba? Menya waya laini wa umeme, ule wenye nyuzi nyingi za shaba, upake flaksi, uulaze juu ya lehemu, kisha weka pasi juu yake. Nyuzi zitainywa kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Sekunde tatu, nne, ondoa. Haijatoka? Acha ipoe, ndipo urudie.

Sasa, lehemu baridi. Hii naiona sana hapa kwetu, na nina mshitakiwa wangu: upepo. Mnakaa kibarazani, upepo wa Dodoma mnaujua, unapoza ncha na kiungo kwa pamoja. Mnaishia na kidonge cha lehemu kilichokaa juu ya mguu bila kuushika. Lehemu ya bati na risasi ya 63 kwa 37 huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi; isiyo na risasi inataka zaidi ya 217. Ncha basi iwe kama 320 hadi 350, na iguse mguu na kidoti kwa pamoja. Dawa ya kiungo baridi ni rahisi: flaksi kidogo, pasha tena, usitikise mpaka ikauke. Ila msikiamini king'aro peke yake, maana lehemu isiyo na risasi hufifia hata ikiwa nzima. Tazama kama imetambaa juu ya kidoti ikapanda mguuni. Na fungeni dirisha la upande wa upepo, acheni la upande mwingine wazi, moshi wa flaksi si wa kuvuta. Risasi yenyewe haitoki kama moshi kwa joto hili. Hiyo inaingia kwa vidole, kwa hiyo oseni mikono kabla ya kugusa chakula.

Daraja la lehemu kati ya viungo viwili? Inueni bodi juani, jua tunalo bure. Mwanga usipopita palipotakiwa kuwa na nafasi, hapo pana daraja. Toa betri, weka mita ya umeme kwenye sehemu ya mlio, hakikisha. Kisha ncha safi yenye flaksi ipitishe katikati mara moja.

Taa ya LED iliyogeuzwa mara nyingi inapona, igeuze tu; ukishakata miguu, tafuta ubavu uliobapa, huo ndio hasi. Kapasita ya elektroliti iliyopewa umeme kinyume mimi naitupa, hata kama haijavimba. Sitaki kuisikia ikilia karibu na macho ya mtoto wa mtu.

Rezista nazo zinadanganya usiku. Mistari ya njano, zambarau, kahawia ni omu 470. Njano, zambarau, nyekundu ni 4,700. Chini ya balbu ya manjano, kahawia na nyekundu ni ndugu wa tumbo moja. Taa ikiwaka kwa unyonge, pima kwa mita kabla ya kulaumu aisii. Hiyo 555 mliyopewa ni muundo wa Hans Camenzind, ilitoka kiwandani mwaka 1972 na bado inatumika mpaka leo. Ila ukiiweka kinyume inachemka, kwa hiyo angalieni pengo lake kichwani. Ikiwa ya moto, toa betri kwanza, maswali baadaye.

Kidoti kikishabanduka, msilie. Kwangueni rangi kidogo kwenye njia ya shaba inayotoka pale, mlehemu waya mwembamba kutoka hapo hadi kwenye mguu. Haipendezi, lakini redio ya baba mdogo ilirudi kusema hivyo.

Haya. Nani mwenye ile bodi iliyonuka? Wewe? Njoo nayo hapa mbele, na koleo lako.