Kuunganisha Takwimu za Mialo: Mhadhara kwa Makarani na Maofisa Uvuvi, Kigoma

Ndugu zangu makarani, maofisa uvuvi, na wazee wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mialoni, mliotoka Ilagala na Kagunga, karibuni. Mliokaa nyuma sogeeni, maandishi ya ukutani ni madogo.

Shiti moja ya Excel, programu ya majedwali tunayotumia, inabeba mistari 1,048,576, haiongezeki hata mmoja. Ukomo huo ulikuja na toleo la 2007. Faili za zamani, zile za xls, zinaishia mistari 65,536. Msidhani hayo yamepitwa na wakati. Oktoba 2020 ilibainika kule Uingereza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona walikuwa wameachwa nje ya hesabu, kwa sababu majibu ya maabara yalimiminwa kwenye faili za xls. Faili ziliposhiba, yaliyobaki hayakuingia, na hakuna aliyeshtuka mapema. Mkirudi ofisini, angalieni faili zenu zinaishia na herufi gani.

Tuje kwetu. Kila mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unaleta faili kila mwezi: tarehe, namba ya mtumbwi, aina ya samaki, kilo. Wengi wetu tunafungua moja moja, tunakopi, tunabandika chini ya nyingine mpaka jioni. Tangu Excel 2016, Power Query, zana ya kuunganisha na kusafisha data, imo ndani ya programu yenyewe, kwenye menyu ya Data. Unaionyesha folda, inasoma faili zote zilizomo na kuziweka pamoja, na kila hatua ya usafishaji inaikumbuka. Mwezi ujao unatupia faili mpya folda ileile, unabonyeza Refresh, basi. Sharti lake vichwa vya safu vifanane. Mistari ikizidi ile milioni, usiimwage kwenye shiti. Ipeleke kwenye Data Model, hifadhi ya ndani ya faili isiyobanwa na ukomo wa shiti, uichambue kwa PivotTable, jedwali la muhtasari.

Wenye Microsoft 365 mna fomula ya VSTACK pia. Andika =VSTACK(Jan:Des!A2:F500), miezi yote inajipanga chini kwa chini. Tamu sana, ila seli tupu inaigeuza 0, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwalo ukiandika 0 mwezi Juni, tunaelewa. Lakini tuseme Oktoba karani aliugua, kilo za dagaa hazikujazwa. Dagaa walishuka, walianikwa, wakasafirishwa; kilichokosekana ni maandishi. Fomula haijui hayo. Inaweka 0 kote kuwili, wastani wa mwaka unaporomoka, na mkubwa wako anaandika kwamba dagaa wanaisha. Mimi nashauri muongeze safu moja ya hali: umevuliwa, umefungwa, haikuletwa. Ni kazi ya kuchosha, najua.

Jambo jingine ni kuoanisha, pale unapotaka kila mzigo upate jina la mwenye mtumbwi kutoka kwenye rejista. Mtumbwi ukiuzwa na rejista ikabaki na wamiliki wawili, Power Query itauandika mzigo mara mbili: kilo 80 za samaki aina ya mgebuka zinakuwa 160 bila samaki hata mmoja kuongezeka. Kabla ya kuoanisha, ondoa marudio ya namba za mitumbwi kwenye rejista. Ukimaliza, linganisha jumla ya kilo na ile ya mwanzo. Tena, Power Query inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake “Kibirizi” na “KIBIRIZI” ni mialo miwili. XLOOKUP, fomula ya kutafutia ya Excel, haijali hilo. Kuna aina ya kuoanisha inaitwa Left Anti, inakutolea mistari iliyokosa mwenzake tu. Ianzeni hiyo kila mara. Orodha yake ndiyo itakayowaambia nani wa kumpigia simu.

Naam, mzee wangu uliyenyoosha mkono. Anauliza kama haya yanahitaji intaneti. Folda ikiwa ndani ya kompyuta yako, Power Query inafanya kazi hata mtandao ukikatika. Sasa washeni kompyuta, tunaanza na folda ya Kibirizi.