Acheni kumuuliza mtoto kama kichwa kinamuuma
(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Lubumbashi)

Mama na baba, walimu, karibuni. Mlionisikia pale Katuba mnajua nitaanzia wapi, basi nivumilieni. Kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara, sitakieleza, kila aliyekaa hapa ana shangazi anayejifungia gizani na kitambaa kichwani. Nimekuja kusema juu ya mtoto, kwa sababu kwake ugonjwa huu una sura nyingine. Mara nyingi unashika paji lote au pande zote mbili, na unaweza kwisha ndani ya saa 2 tu. Mtoto anatapika, analala, anaamka, anaulizia mpira. Ndipo mnaposema: "Alikuwa anadanganya, hakutaka shule."

Hadanganyi. Kwisha haraka ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe kwa watoto. Nimelisema hili mpaka sauti imenikauka.

Sasa niwageukie wengine, wale wasiomwita mtoto mwongo bali wanamhurumia kupita kiasi. Msichana wa miaka 10 alikuwa na mama yake kwenye benchi nje ya chumba changu, anachora nyumba nyuma ya karatasi ya vipimo. Mlango uko wazi, nasikia. "Mwanangu, kinauma?" "Hapana." Kitambo kidogo: "Hata kidogo?" Kimya. Mama anamwekea kiganja kwenye paji. "Kweli hakiumi?" Mtoto akaweka kalamu chini, akashika kichwa. "Kinauma." Mama akanitazama kama aliyeshinda kesi. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini jambo hili limepimwa. Kule Marekani mwanasaikolojia Lynn Walker na wenzake walitoa mwaka 2006 matokeo ya jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Walichukua watoto wanaosumbuliwa na tumbo kila mara, na wengine wenye afya, wakawanywesha maji mpaka tumbo likajaa. Kisha mzazi akakaa na mtoto wake. Wazazi wengine walifundishwa kuyafuata malalamiko: pole, tumbo vipi sasa? Wengine walifundishwa kugeuza mazungumzo. Wengine hawakuambiwa kitu. Ukilinganisha na hao wasioambiwa kitu, malalamiko yalikaribia kuongezeka maradufu pale mzazi alipoyafuata, na yakapungua kwa nusu pale alipogeuza mazungumzo. Hata kwa watoto wazima! Na sikieni hili: wazazi wa watoto wenye maumivu waliona kugeuza mazungumzo ndiko kungemdhuru mtoto zaidi. Watoto wenyewe walisema kinyume, kwamba mzazi aliyegeuza mazungumzo ndiye aliyewapa nafuu.

Kuna baba pale nyuma anatikisa kichwa: "Dokta anasema maumivu ni ya kujitungia, tuwapuuze." Baba, sijasema hivyo. Kila maumivu, hata ya mguu uliovunjika, hupita ubongoni, na ubongo huyakuza au kuyapunguza kufuatana na hofu, usingizi, na mahali mawazo yalipo. Ukimuuliza mtoto mara kumi kwa siku, mawazo yake umeyapeleka wapi? Kipandauso kikimshika kweli, mpe dawa mapema, maji, giza, alale. Akiamka mzima, arudi darasani hata kama ni saa ya mwisho. Na akibaki nyumbani, asipewe televisheni na soda. Siku ya kuumwa iwe siku isiyo na burudani.

"Na kama ni malaria?" Pimeni! Penye homa, pimeni siku hiyo hiyo. Ila kipimo kikisema hakuna, msimbembeleze muuguzi aweke serumu (dripu) ya kwinini, dawa ya malaria, eti kwa tahadhari. Hapo mtoto anajifunza kwamba kichwa chake ni jambo la sindano na kilio cha familia nzima.

Yapo ya kukimbilia hospitali bila kunisubiri mimi: homa na shingo ngumu, degedege, kichwa kinachomwamsha usiku au kumtapisha kila asubuhi, macho au mwendo uliobadilika, kuumwa baada ya kuanguka.

Walimu, kwenu ni fupi. Mtoto aliyekula bukari (ugali) jana jioni na hajatia kitu mdomoni mpaka saa 6 mchana, msimwulize kwa nini anashika kichwa. Mruhusuni anywe maji darasani. Hilo halihitaji mkutano.

Naona kwaya wamefika mlangoni, wanataka ukumbi wao. Basi haraka. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya vijana wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu: waliofundishwa kutuliza mwili na kuongoza mawazo pamoja na amitriptilini, dawa ya kuzuia kipandauso kisirudi, asilimia 66 walipunguza siku za kuumwa kwa nusu au zaidi, waliopewa dawa na maelezo tu juu ya ugonjwa, asilimia 36. Mwaka 2017, kwa watoto na vijana wenye kipandauso, amitriptilini na topiramati, dawa nyingine ya kukizuia, zililinganishwa na kidonge kisicho na dawa ndani yake, na hazikukishinda. Nilitaka nusu saa kwa hilo. Basi.

Parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Mwenye daftari aandike siku alizotoa dawa, kisha ahesabu. Wanaotaka dozi waje hapa mbele na uzito wa mtoto kwa kilo. "Ni mkubwa kama huyu" sikubali.